Mvutano Unapewa Sifa Zisizo Zake

Muulize mwanafunzi Mfumo wa Jua ulitokeaje, jibu litakuja limekwishapangwa: palikuwa na wingu la gesi na vumbi, mvutano, yaani nguvu inayofanya vitu vivutane kwa uzito wao, ukalikusanya, katikati likawaka Jua, na mabaki yakagandamana yakawa sayari. Jibu hilo hupata alama zote. Mimi ningelikata nusu, kwa sababu ya hilo neno "yakagandamana". Ndani yake kumefichwa karibu kila jambo gumu la habari hii.

Mvutano ulianzisha kazi, na mwishoni ukarudi kuimaliza. Katikati, pale vumbi lilipokuwa likigeuka mawe, haukuwa na la kufanya. Chembe yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita haina uwezo wa kumvuta jirani yake. Hata mwamba wenye ukubwa wa nyumba ya ghorofa, ukiwa peke yake angani, mtu aliyesimama juu yake angeruka kidogo tu akauhama moja kwa moja.

Hata neno "wingu" linapotosha kidogo. Katika sehemu zake nzito, zile zinazozaa nyota, kila sentimita moja ya ujazo ina molekuli kama laki moja. Hewa ya chumbani, katika nafasi ileile, ina takriban bilioni bilioni 25. Pampu nyingi za maabara hazifikii utupu wa namna hiyo. Wingu lina nguvu kwa sababu ya ukubwa wake tu: upande mmoja hadi mwingine wa sehemu inayotosha kuzaa nyota moja kama Jua ni maelfu mengi ya umbali uliopo kati ya Dunia na Jua. Karibu robo tatu ya uzito wake ni hidrojeni, robo ni heliamu, na yaliyobaki yote, yaani kaboni, oksijeni, silikoni, chuma na mengineyo, hayafiki hata asilimia 2. Udongo, damu na sufuria za jikoni vimetoka katika kile kisehemu cha mwisho.

Sharti la kwanza ni baridi. Gesi yenye joto husukuma nje, na msukumo huo hushindana na mvutano. Ndani ya wingu jotoridi hushuka hadi kama nyuzi 263 chini ya sifuri za Selsiasi, kwa kuwa chembe za vumbi na molekuli za monoksidi ya kaboni hulitoa joto nje kwa mnururisho. Hapo ndipo mvutano unaposhinda. Wingu huanza kuporomoka, na kwa miaka laki chache katikati huwa pamekwisha kuwa na nyota changa. Hii sehemu ni ya mvutano kweli, tuupe haki yake.

Lakini wingu lolote huwa linazunguka, hata kama ni polepole mno. Funga jiwe kwenye uzi, lizungushe, kisha uache uzi ujivingirishe kwenye kidole: kadiri uzi unavyofupika, jiwe linakwenda mbio zaidi. Wingu nalo, upana wake ukipungua mara 10, mizunguko yake huongezeka kasi mara 100. Gesi haiwezi tena kuanguka katikati moja kwa moja, maana mzunguko unaizuia. Kuelekea juu na chini hakuna kinachozuia, hivyo wingu hulala bapa kama chapati, nyota ikiwa katikati. Mwaka 2014 antena za darubini ya redio ALMA, zilizoko mita 5,000 juu ya usawa wa bahari katika jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya sahani kama hiyo ikiizunguka nyota changa HL Tauri, umbali wa miaka-nuru kama 450. Pete nyeusi na angavu zinaonekana waziwazi. Aliyedhani sahani hizi ni michoro ya vitabuni tu alipata jibu lake siku hiyo.

Mzunguko huu ndio uliowasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne. Mwanafalsafa Kant aliandika wazo la wingu mwaka 1755, mwanahisabati Laplace akaliendeleza mwaka 1796. Likaja swali dogo lenye sumu: Jua lina asilimia 99.86 ya uzito wa mfumo mzima, mbona lina chini ya asilimia 1 tu ya akiba ya mzunguko, yaani uzito, kasi na umbali kutoka katikati vikizidishwa pamoja? Zaidi ya nusu ya akiba hiyo iko kwa Mshtarii, ambayo wengine huiita Jupita. Kwa kisa cha uzi na jiwe, Jua lilipaswa kuzunguka mbio kupindukia. Badala yake linachukua siku 25 hivi kumaliza mzunguko mmoja kwenye ikweta yake. Swali hilo liliwafanya watu makini, Chamberlin na Moulton nchini Marekani na Jeans nchini Uingereza, kulitupa wingu na kudai kwamba nyota iliyopita karibu ndiyo iliyochomoa gesi kutoka kwenye Jua, gesi hiyo ikapoa kuwa sayari. Mwaka 1939 mtaalamu wa nyota Lyman Spitzer alionyesha kasoro yake: gesi yenye joto la namna hiyo ingetawanyika kabla haijapata nafasi ya kuganda. Wingu likarudi, safari hii na msaidizi, nguvu za sumaku. Mistari ya sumaku inaiunganisha nyota na gesi inayoizunguka na upepo unaotoka kwake, na kwa njia hiyo nyota hupokonywa mzunguko wake polepole. Mvutano peke yake usingeliweza hilo.

Sasa tuje kwenye vumbi, ambako vitabu vingi hupita mbio. Mwanzoni chembe hugusana taratibu na kunata, kwa nguvu zilezile hafifu zinazofanya vumbi ling'ang'anie kwenye kioo cha televisheni. Vinatokea vifungu vya milimita, kisha vya sentimita. Halafu mambo yanakwama. Vipande vikubwa hugongana kwa kasi zaidi, na vikishagongana kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, vya mawe haviungani tena. Vinadundana au kupasuka.

Kuna balaa jingine. Gesi ya sahani hubebwa kiasi na msukumo wake yenyewe, kwa hiyo huzunguka Jua polepole kidogo kuliko jiwe lililo kwenye njia ileile. Tofauti ni mita 50 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 180 kwa saa. Jiwe linajikuta likienda siku zote dhidi ya upepo wa mbele. Vumbi jepesi hupeperushwa pamoja na gesi, halipati taabu. Mlima wenye kilomita kadhaa haujali. Anayeumia ni wa katikati. Jiwe la mita moja, likiwa umbali wa Dunia, hupoteza mwendo kiasi cha kudidimia hadi kwenye Jua kwa karne moja au mbili. Sayari zinahitaji mamilioni ya miaka. Kwa hesabu hiyo sisi tusingekuwepo, na mvutano, unaosifiwa kwa kukusanya, hapa ndio ungekuwa unayameza mawe.

Njia ya kutokea inayokubaliwa zaidi leo ilielezwa na wataalamu wa nyota Youdin na Goodman mwaka 2005. Waendesha baiskeli wanajua kwamba wakikabiliwa na upepo, wakifuatana kwa kundi, kila mmoja hachoki kama akiwa peke yake. Vijiwe navyo vikisongamana mahali fulani huisukuma gesi ya pale iende navyo, upepo wa mbele unapungua, vinaacha kudidimia haraka, na vinavyotoka nyuma vinavifikia na kujiunga. Msongamano unakua wenyewe kwa wenyewe. Ukizidi kiasi, na hapo tu, mvutano wa kundi zima unaamka na kuliporomosha kuwa gimba moja, aghalabu la kilomita kama 100, bila kupitia hatua ya jiwe la mita moja. Ni kuruka ngazi, si kuipanda.

Tarehe 1 Januari 2019 chombo cha angani New Horizons kilipita karibu na Arrokoth, gimba lenye urefu wa kilomita kama 36 lililoko mbali kuliko Neptuni. Lina vipande viwili vilivyogusana kwa upole kiasi kwamba hakuna hata kimoja kilichopondeka. Kama magimba yangejengwa kwa kugongana ovyo, lisingekuwa na sura hiyo.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo kwa maoni yangu lingestahili sura nzima ya kitabu: joto. Wingu lilikuwa na alumini-26, alumini yenye mionzi, ambayo nusu yake huoza kuwa magnesi kila baada ya miaka laki saba hivi. Gimba lililoundwa mapema liliifungia ndani ikiwa bado nyingi, likaiva kutoka ndani. Lililochelewa miaka milioni mbili au tatu lilikuta moto umeshafifia. Tunalijua hili kwa sababu mawe yenyewe tunayo mkononi.

Matatu yanatosha. Kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico tarehe 8 Februari 1969, hakikuwahi kuyeyuka. Ndani yake mna vipande vyeupe vya kalsiamu na alumini, vitu vya kwanza kabisa kuganda gesi ya moto ilipopoa, na saa ya urani, inayooza polepole na kugeuka metali ya risasi, inavipa vipande vya aina hiyo umri wa miaka milioni 4,567. (Nne, tano, sita, saba: tarakimu rahisi kuliko zote kukumbuka.) Ni katika vipande hivyo, mwaka 1976, alama za alumini-26 zilipothibitishwa. Cha pili kilianguka Thika, Kenya, tarehe 16 Julai 2011. Hicho ni kimondo cha mawe kilichookwa: joto la gimba mama halikukiyeyusha, ila lilifuta kwa kiasi kikubwa mipaka ya vijipira vidogo vilivyokuwa ndani yake. Cha tatu ni kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, chuma kitupu chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 12 hadi 16, asilimia 90 chuma na nane na ushei nikeli.

Wageni wa Mbozi huambiwa tani na mita, basi. Ningependa waambiwe pia kwamba chuma hakijitengi hivyo na mawe mpaka gimba liyeyuke, chuma kizame na mawe yaelee, kama mashapo na maji kwenye ndoo. Kumwona Mbozi ni kuona kazi ya kuyeyuka kwa gimba la zamani, na moto wake mkuu ulikuwa alumini.

Umbali nao uliamua mengi. Karibu na Jua maji yalibaki mvuke, vitu vigumu vikawa ni chuma na mawe pekee, tena haba. Kuanzia kama mara mbili na nusu hadi tatu ya umbali wa Dunia, maji yaligeuka barafu, na malighafi ikaongezeka ghafla. Huko Mshtarii ilijenga kiini cha uzito wa Dunia 10 hivi, kisha ikaanza kuinyonya gesi hadi ikafikia uzito wa Dunia 318. Ilibidi iwahi, kwa sababu gesi ya sahani za namna hii hutoweka ndani ya miaka milioni 3 hadi 10. Uranusi na Neptuni, zenye uzito wa Dunia 14 na 17, zilichelewa na kuambulia gesi kidogo.

Kuhusu ukanda wa asteroidi, yaani mawe yanayozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, ile habari kwamba ni mabaki ya sayari iliyopasuka ingefaa iachwe. Ukikusanya kila kitu kilichomo humo hupati hata asilimia 5 ya uzito wa Mwezi. Hapo palikuwa ni mahali ambapo sayari ilizuiwa kujengeka, na mshukiwa mkuu ni Mshtarii, iliyochochea kasi za magimba mpaka yakawa yanavunjana badala ya kuungana.

Na wale wanaochanganya haya na Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu wote: huo ulitokea miaka bilioni 13.8 iliyopita. Wingu letu lilikuja miaka bilioni 9 baadaye, likiwa limechafuliwa vizuri na majivu ya nyota zilizokufa kabla yake. Bila uchafu huo kusingekuwa na jiwe hata moja.

Gesi ilipoondoka, upande wa ndani ulibaki na makumi ya magimba yenye ukubwa wa Mwezi hadi Mirihi. Sasa mvutano ukatawala kweli: njia zikapindana, yakagongana. Mirihi, yenye moja ya kumi ya uzito wa Dunia, yaelekea ni mmoja wa wale walioachwa nje ya vurugu hizo, kwani ilikwisha kujengeka ndani ya miaka milioni chache. Dunia iliendelea kwa miaka milioni 30 hadi 100. Pigo kubwa la mwisho, kutoka kwa gimba linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa Mirihi, lilirusha miamba iliyokuja kuwa Mwezi. Chuma cha mgongaji kilizama ndani ya Dunia. Ndiyo maana, wakati kiini cha Dunia ni kama theluthi ya uzito wake, cha Mwezi hakifiki hata asilimia chache.