Fedha za utafiti Mwanza: mfadhili si tatizo kubwa kuliko bajeti

Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) zilisitisha utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku kisha kumkatia fungu mshirika wake wa ng'ambo, hadi hapo utaratibu mpya utakapowekwa. Huo ndio mlango ambao watafiti wengi wa Afrika walikuwa wakiingilia. Ulipobanwa, ubishi wa zamani ukaamka: mhadhiri wa Mwanza aendelee kukesha akiandika maandiko ya kuomba fedha za nje, au akomae na za ndani hata zikiwa kiduchu?

Wanaotaka tujitegemee wana hoja, tena nzito. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na utafiti wa kutegemea bajeti ya nchi nyingine unaweza kukatwa katikati ya msimu wa kukusanya sampuli, kwa sababu zisizohusiana kabisa na ubora wa kazi. Watakukumbusha pia habari ya furu. Mwaka 1977 timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kuwachunguza samaki hao wadogo katika Ghuba ya Mwanza, muda mfupi kabla sangara hajawafagia. Vielelezo vingi vya furu vilivyokusanywa vipo Leiden hadi leo. Kwa hiyo mhadhiri wa Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), anayetaka kupima taya la samaki aliyekuwa akiogelea pale chini ya Nyegezi huenda akalazimika kuomba ruhusa Ulaya. Inauma. Ingawa, tuseme ukweli, wasingechukuliwa wakati ule, pengine leo tusingejua hata tulichopoteza.

Upande wa pili haujibu kwa nadharia, unajibu kwa matokeo. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, ukionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima iliusoma. Miaka mingi baadaye wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, walishiriki katika utafiti wa chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu. Matokeo yake yaliongeza ushahidi wa kutosheka na dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania yenyewe ikahamia dozi moja. Kazi za ukubwa huo zilihitaji fedha za nje. Kungoja mpaka hazina yetu iweze kuzibeba ni kuwaambia wasichana hao wasubiri.

Mimi naelemea upande huu wa pili, ila kwa sharti ambalo pande zote mbili hulipitia juu juu: ukurasa wa bajeti.

Kwa kawaida NIH huipa taasisi ya nje ya Marekani asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja (za kazi ya mradi wenyewe) kwa ajili ya uendeshaji wa taasisi, wakati vyuo vingi vya Marekani vimekuwa vikijadiliana na kupata hata zaidi ya asilimia 50. Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, hutoa asilimia 25 kwa wote. Katika mradi wa dola 100,000 za gharama za moja kwa moja, hiyo ni tofauti ya dola 8,000 na dola 25,000. Hapo ndipo panapotoka umeme wa friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, dizeli ya jenereta umeme unapokatika, na mshahara wa mhasibu anayejua kuandaa hesabu za mfadhili. Chuo kinachokubali asilimia 8 mradi baada ya mradi kinaufadhili utafiti wa wenyewe kwa ada za wanafunzi wake. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa sauti kwenye vikao vya seneti.

Na za ndani je? Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, upo chini ya COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, tangu 1995, na mhadhiri kijana anayetafuta ruzuku yake ya kwanza asiudharau. Ipo pia tuzo ya serikali, hadi shilingi milioni 50, kwa wanaochapisha kwenye majarida ya hadhi ya juu. Tuzo hiyo ni njema, lakini humlipa aliyekwisha kuvuna. Anayetafuta mbegu haimsaidii. Tena ilianzia kwenye sayansi asilia, hisabati na tiba, na SAUT ina watu wengi wa uandishi wa habari, sheria na biashara. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, wa dola milioni 425, mkopo wa Benki ya Dunia, ulilenga hasa vyuo vya umma, wakati SAUT na kile cha afya cha Bugando ni vya Kanisa Katoliki.

Kwa walio tayari, dirisha la Ulaya bado lipo, ila si la milele. Horizon Europe inaisha 2027, na ndani yake kuna Global Health EDCTP3 ya utafiti wa magonjwa yanayoisumbua Afrika kusini mwa Sahara. Taasisi ya Tanzania inaweza kulipwa humo moja kwa moja. Kinachowakwamisha wengi ni vitu vidogo: chuo hakina namba ya usajili ya tarakimu tisa ya kuombea fedha hizo za Ulaya, au anayo mtu mmoja aliyehama; wito unatoka, mhadhiri ana mitihani ya mamia ya wanafunzi ya kusahihisha, na washirika wa Ulaya wameshapangana. Wanaopata ni waliofahamiana mwaka mzima kabla ya wito.

Hapo ndipo pa kubishania, kabla ya saini: nani anaandika swali la utafiti, sampuli zinabaki kwenye friza ya nani, jina la nani linatangulia kwenye makala, na asilimia ngapi inabaki Mwanza. Mshirika anayekereka kuulizwa hayo mapema atakereka zaidi mwaka wa tatu, fedha zikiwa zimeshaliwa.