Theluji Nayo Ifanye Kazi

Mimi ni mtu mzima na bado nasoma riwaya za upelelezi za watoto, zile za wasomaji wa miaka 8 hadi 12. Sioni haya. Ninazozipenda kupita zote ni za majira ya baridi: nyumba ya wageni mlimani, theluji imeziba barabara, kitu kimepotea, na mtoto mmoja mwenye macho makali hana usingizi. Maiti hamna. Wapo wanaodai kwamba fumbo lisilo na maiti halina uzito, nami nasema hao wameshausahau utoto. Mtoto akiibiwa saa aliyoachiwa na babu yake, kwake dunia imesimama.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwaka 1934 Agatha Christie, mtunzi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, aliikwamisha treni nzima kwenye theluji katika riwaya yake, kukawa hakuna pa kukimbilia. Theluji ni kufuli: aliyemo hatoki, asiyekuwemo haingii, kwa hiyo mwizi ni mmoja wa hawa hawa tunaoota nao moto. Tatizo ni kwamba waandishi wengi wakishaufunga mlango, theluji wanaisahau. Inabaki pambo tu, pamoja na blanketi na paka. (Hivi ni lazima kila kitabu kiwe na paka?)

Mimi nataka theluji iwe shahidi. Hebu tazama: asubuhi watoto wametoka kucheza uani. Paa lote ni jeupe isipokuwa kipande kimoja pembeni, pameyeyuka hadi vigae vinaonekana. Chini yake kuna chumba ambacho mwenye nyumba ameapa hakijafunguliwa mwaka mzima. Sasa nani kawasha moto humo? Mwandishi mjanja haulizi swali hilo. Anamwonyesha msomaji paa kwa sentensi moja, kisha anaendelea na mchezo wa kurushiana mabonge ya theluji kana kwamba hakuna kitu. Au nyayo: zinazokwenda ghalani ni za juu juu, zinazorudi zimezama. Buti ni zile zile, mtu ni yule yule, ila kurudi alibeba mzigo. Mtoto wa miaka 9 anaweza kulitambua hilo bila kusaidiwa, na akilitambua atatembea kifua mbele siku nzima.

Ndiyo maana sisamehe kitabu kinachodanganya. Ronald Knox, kasisi wa Uingereza aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliweka kanuni 10 mwaka 1929. Mojawapo ni kwamba mpelelezi akiona dalili, msomaji naye aonyeshwe. Nyingine ni kwamba chumba au njia ya siri isizidi moja, na hapo huwa nacheka, maana nimeshasoma vitabu ambavyo kila kabati lina mlango wa nyuma. Watoto hawajawahi kumsikia Knox, lakini haki hiyo wanaidai kwa ukali kuliko sisi. Kinachoniudhi kabisa ni yule mtu mzima anayetokea sura ya mwisho, theluji ikishayeyuka, akaketi na kueleza kila kitu. Watoto waliohangaika gizani na tochi kurasa 200 wanageuzwa wasikilizaji. Bora kosa dogo la mtoto kuliko hotuba ya polisi.

Juzi nilimsomea mpwa wangu wa miaka 10 riwaya ya namna hii, usiku mmoja baada ya mwingine. Mwizi alipotajwa, hakushangilia wala hakushtuka. Alininyang'anya kitabu, akarudi hadi sura ya nne, akawa anapitisha kidole mstari baada ya mstari.

"Mjomba, ilikuwa hapa," akasema, amekunja uso. "Wewe ndiye uliyesoma harakaharaka."