Kihansi: Mto Mfupi, Hesabu Ndefu

Mtu akitaja Kihansi nchini Tanzania, mazungumzo huishia kwenye swali moja: umeme au chura? Yaani, nani alistahili maji ya mto huo: mitambo ya umeme, au chura mdogo aliyeishi kwenye maporomoko yake? Swali hilo limezunguka vijiweni na magazetini kwa zaidi ya miaka 20, na kwa maoni yangu liliulizwa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu linauficha mto wenyewe.

Kihansi ni mto mdogo. Unaanzia nyanda za juu za Udzungwa, upande wa Mufindi na Kilolo mkoani Iringa, ambako mvua na misitu huufanya utiririke hata kiangazi. Ukifika ukingoni mwa milima, huporomoka takriban mita 850 katika umbali mfupi kabla ya kutulia kwenye bonde la Kilombero. Maji yasiyokatika na mwinuko mkali ndivyo anavyovitafuta mhandisi wa umeme, na hapo vyote viwili vipo pamoja. Ndiyo maana bwawa dogo, likisaidiwa na mitambo iliyojengwa ndani ya mwamba, linaweza kuzalisha megawati 180. Kwa nchi iliyokuwa ikisumbuliwa na mgawo wa umeme katika miaka ya 1990, hili halikuwa jambo la kubezwa. Watetezi wa mradi huongeza hoja nyingine, na ni ya kweli: mitambo hainywi maji. Yanayoingia kwenye handaki linaloyatoa bwawani hadi kwenye mitambo hurudishwa mtoni chini ya korongo la maporomoko, na mkulima wa Kilombero hapungukiwi kitu.

Ila korongo lenyewe ndilo lililorukwa na maji hayo. Maji yalipokuwa yakijipiga kwenye miamba yalitoa manyunyu usiku na mchana, na manyunyu hayo yalilea vipande vya ardhi oevu ambavyo kwa jumla havikuzidi sana hekta mbili. Humo aliishi chura wa Kihansi, kiumbe asiyefika sentimita tatu, ambaye hazai kwa kutaga mayai majini kama vyura tuliowazoea bali huzaa watoto waliokwisha kuumbika. Hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, na hapo ndipo penye kosa ninaloliona kubwa kuliko yote: mto ulipimwa kwa wingi wa maji na urefu wa maporomoko, lakini manyunyu hayakuingia kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Maji yalipogeuzwa kuelekea kwenye mitambo, korongo lilibaki na takriban moja ya kumi ya mtiririko wake. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa, na mabomba ya kunyunyizia maji yakatandazwa kati ya miamba. Kwa muda yalisaidia, kwani idadi ya vyura ilipanda tena hadi katikati ya mwaka 2003, kisha ikaanguka ghafla ndani ya miezi michache. Wapo wanaolaumu ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi duniani. Wengine hutaja kusafishwa kwa tope la bwawa, tope linaloweza kuwa lilibeba viuatilifu vya mashamba ya juu. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 kizazi cha wale wa Marekani kilirejeshwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi wakaachiwa tena korongoni.

Wahifadhi huuita huo ushindi. Mimi nasita kidogo. Ardhi oevu inayotegemea mabomba inafanana na bustani ya mjini: fundi asipokuja kuzibua, majani yananyauka. Hata hivyo, wanaodhihaki gharama hizo husahau kwamba zingekuwa ndogo zaidi iwapo korongo lingechunguzwa kabla ya mhandisi kuchora handaki, kwa kuwa kiasi cha maji ya kuachiwa maporomoko kingejadiliwa wakati bado kuna nafasi ya kubadili mchoro.

Leo pande zote mbili zinategemea kitu ambacho hakipo korongoni wala kwenye mitambo. Huko juu, kila kinyungu, yaani bustani ya ardhi yenye unyevu, kinacholimwa bondeni wakati wa kiangazi na kila msitu unaofyekwa kando ya chemchemi hupunguza maji yanayofika bwawani. Yakipungua vya kutosha, msimamizi wa mitambo na mlinzi wa chura watagombania lita zilezile, na mkulima wa kinyungu, ambaye hakuwahi kuulizwa habari za megawati wala za chura, atakuwa ameshavuna mahindi yake mabichi.