Tairi la Ranflati Likipata Pancha: Lizibwe au Libadilishwe?

Tairi la ranflati, yaani lile lenye mbavu nene zinazoweza kubeba gari hata upepo ukiisha, limeundwa ili kumfikisha dereva mahali salama, aghalabu umbali wa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Akishafika, huzuka swali ambalo watengenezaji wenyewe hawalijibu kwa kauli moja: wapo wanaoruhusu tairi hilo lizibwe kwa masharti, na wapo wanaokataza kabisa.

Wanaotetea kuziba wana hoja nzito. Msumari uliochoma katikati ya kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, na kuacha tundu lisilozidi milimita 6 haujaumiza ranflati kuliko ambavyo ungeumiza tairi la kawaida. Kulitupa tairi la bei kubwa, ambalo kashata zake bado ni ndefu, kwa sababu ya tundu dogo kama hilo ni hasara ya wazi.

Hata hivyo, hoja hiyo hulitazama tundu peke yake, ilhali hatari kubwa imo mbavuni. Tairi likitembea bila upepo, mbavu hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, joto hupanda, na mpira huanza kuachana na nyuzi zilizomo ndani yake. Kwa nje huwezi kulitambua jambo hilo, kwa kuwa ugumu uleule unaobeba gari ndio unaoficha madhara. Ni lazima tairi livuliwe kwenye rimu na kumulikwa ndani: unga mweusi wa mpira uliojikusanya chini, mikunjo kuzunguka ubavu, au sehemu iliyobadilika rangi, ni sababu tosha ya kuacha kulitumia. Ndiyo maana siafiki kabisa kuchomeka kamba ya kuzibia tundu kutoka nje, kwani anayefanya hivyo anafunga tundu la tairi ambalo hajaliona ndani. Kiraka chenye mkia, kinachobandikwa kwa ndani na mkia wake kujaza tundu, angalau humlazimisha fundi kulivua tairi kwenye rimu.

Ugumu ni kwamba ndani pakionekana safi, bado hatujapata uthibitisho kwamba mbavu hazikuungua. Kwa maoni yangu, kinachoamua ni safari ya tairi baada ya kuchomwa. Ikiwa dereva alisimama upepo ukiwa umepungua kidogo tu, na mtengenezaji anaruhusu, lizibwe. Ikiwa lilitembea likiwa tupu, au hakuna ajuaye lilitembea kiasi gani, libadilishwe, hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Kwa hiyo taa ya onyo la upepo wa tairi inapowaka, dereva asimame mahali salama, apime upepo uliobaki, aandike kilomita alizokwenda tangu taa iwake, kisha ampe fundi takwimu hizo kabla tairi halijavuliwa.