Namba sita za chesisi zilizosubiri miaka 50

Mwaka 2014 kampuni ya Jaguar ilitangaza kwamba ingeunda magari sita ya mbio aina ya E-Type Lightweight na kuyauza kwa wakusanyaji wachache, kila moja kwa takriban pauni milioni 1. Maelezo yake yalikuwa haya: mwaka 1963 kiwanda kilipanga kuunda magari 18 ya aina hiyo na kuyatengea namba 18 za chesisi, lakini yakaundwa 12 tu. Namba sita zikabaki vitabuni bila gari. Sasa kampuni inamalizia kazi yake.

Yeyote aliyewahi kununua gari lililotumika anajua uzito wa namba ya chesisi. Ndiyo inayosema gari ni lipi na limetoka wapi. Basi gari lililofungwa nati zake mwaka 2014, likapewa namba ya mwaka 1963, ni la mwaka gani? Kwangu hili ndilo swali lenyewe, na halina jibu jepesi.

E-Type ya kawaida, iliyozinduliwa Geneva mwaka 1961, ilikuwa na bodi ya chuma. Lightweight ilipewa bodi ya alumini, na hata bloku ya injini yake ya silinda sita, lita 3.8, ikawa ya alumini. Uzito ukapungua kwa zaidi ya kilo 100. Kwenye mbio, kilo hizo ni breki zisizochoka mapema na gari linalochomoka haraka kwenye kona. Lengo lilikuwa kuipiku Ferrari 250 GTO. Dereva Mwingereza Graham Hill alishinda nalo nchini Uingereza mwaka huohuo wa 1963. Kwenye saa 24 za Le Mans, hata hivyo, Mmarekani Briggs Cunningham alipeleka matatu, likamaliza moja tu, katika nafasi ya tisa, huku GTO moja ikishika nafasi ya pili.

Wanaoyatetea magari mapya wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Mafundi walilipima kwa skana gari mojawapo la zamani, kisha wakaunda bodi za alumini inayokaribiana na ile ya wakati ule, ingawa leo kuna aina iliyo imara zaidi. Zaidi ya hapo, kwa gari la mbio neno "asili" lina utata tangu mwanzo. Mjerumani Peter Lindner alifariki dunia akiendesha Lightweight huko Montlhéry, Ufaransa, Oktoba 1964. Gari liliharibika vibaya mno. Miongo mingi baadaye, mafundi wa Uingereza walitumia maelfu ya saa kunyoosha mabati yaleyale, kipande kwa kipande, na mwaka 2011 gari likasimama tena. Naiheshimu sana kazi ile. Lakini magari mengine ya mbio ya zama hizo yalibadilishwa injini, milango na pua baada ya kila ajali, na bado yanaitwa ya asili. Kama kigezo ni bati lenyewe, wengi wenye magari ya zamani wangepata shida kujieleza.

Hata hesabu za idadi zilikuwa na ujanja tangu enzi hizo. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zilidai yaundwe magari 100 ya aina moja ili gari likubaliwe kwenye daraja la GT. Ferrari iliunda GTO 36 na kudai kwamba ni mwendelezo wa 250 GT ya awali. Jaguar nayo ikasema Lightweight ni E-Type tu. Anayelalamika leo kwamba namba zinachezewa akumbuke kwamba mchezo huo haukuanza mwaka 2014.

Pamoja na hayo, naelemea upande wa wapinzani, kwa sababu moja. Kiwanda kiliishia gari la 12, na kuishia pale ni sehemu ya historia ya gari hili sawa na ushindi wa Hill. Mpango wa magari 18 haukutimia. Kuujaza baada ya nusu karne ni kuifanya historia ionekane ilifika mahali ambapo haikufika. Soko lenyewe limeliona hilo. Januari 2017 huko Arizona, kampuni ya mnada ya Bonhams ilipiga mnada Lightweight ambayo dereva Bob Jane alitwalia ubingwa wa GT wa Australia mwaka 1963, ikauzwa dola milioni 7.37. Umbo ni lile lile la yale mapya, bei ni mara kadhaa. Mnunuzi alilipia jasho la Jane na mikwaruzo ya mbio za kweli.

Ila bei hiyohiyo ndiyo inayoyafungia magari ya zamani ghalani, na hapa magari mapya yana faida ya kweli. Yaliuzwa kama magari ya mashindano, yakiwa na sifa za kuingia mbio za magari ya kihistoria zinazosimamiwa kwa kanuni za FIA. Kwetu, tangu 2003, mbio za magari ya zamani za East African Safari Classic zimepitisha Porsche 911 na Ford Escort za zamani kwenye vumbi na matope ya Kenya na Tanzania, nyingi zikiwa zimeimarishwa na kubadilishwa vipuri vingi. Zinanguruma, zinaruka, zinachafuka, na watoto wanakimbia kuziona. Gari la mbio lisilokimbia linanihuzunisha kuliko gari jipya lenye umbo la zamani.

Kinachonitia wasiwasi ni mlango uliofunguliwa. Baada ya zile sita, Jaguar ilitangaza magari mengine yake ya zamani: XKSS tisa kufidia zilizoungua kwenye moto wa kiwandani Februari 1957, kisha D-Type 25. Aston Martin nayo ikatoa DB4 GT 25. Kiwanda chochote chenye vitabu vya zamani kinaweza kupata pengo la kujaza, na mjukuu wa mnunuzi wa leo atakapoliuza gari, namba ya chesisi pekee haitamwambia mnunuzi mpya kama anagusa kazi ya mkono wa 1963 au wa 2014.

Dawa ilikuwa rahisi: magari haya yaundwe vilevile, kwa mikono ileile na alumini ileile, lakini yapewe mfululizo wake wa namba, unaotaja mwaka wa kuundwa waziwazi kwenye kibati cha chesisi, na zile namba sita za 1963 ziachwe wazi vitabuni kama zilivyokuwa.