Habari za asubuhi, Mzee Bahili Ila Hela Anayo

Haya jamani, acheni kunitumia ile skrinshoti ya imeili inayomsalimia mteja kwa jina la utani, nimeiona, hiyo imeili mimi ndo niliyeituma. Ila yule mwenzangu wa meza ya jirani kawatilia chumvi, haikwenda kwa "nchi nzima". Imeenda kwa hoteli na loji za Arusha, Moshi na Zanzibar tu, tena wale waliokuwa wanasubiri barua ya tatu ya kampeni yetu. Wanatosha lakini. Wanatosha kabisa.

Kwa wageni humu, mimi nauza mfumo wa stoo ya jiko, ule unaomwambia mwenye hoteli kwamba nyama imeingia kilo 20, sahani zilizotoka ni za kilo 12, nane zimetembea kwa miguu yake. Kuwatafuta wateja natumia programu nyingine, imeili zinajituma zenyewe. Ya kwanza ya kujitambulisha, siku 4 zikipita kimya inaenda ya pili, siku 4 tena ya tatu, mtu akijibu tu programu inamwacha. Wewe unakunywa chai, mashine inasalimia watu.

Sasa kwenye eksel ya wateja nina kolamu ya jina, na pembeni nina kolamu nyingine nimeiita "jina2". Hiyo ni ya kwangu, ya kumkumbuka mtu, maana ukiuza Moshi kina Mosha na kina Massawe watakuchanganya mpaka uombe maji. Nilivyopandisha eksel nikapandisha na hiyo. Nani angeiona?

Juzi bosi akasema barua ya tatu imepoa, ibadilishe, na kampeni isisimame kwa sababu mwisho wa mwezi huo unakuja. Kwa hiyo nikaingia kuihariri huku inatembea, ni sawasawa na kumnyoa mtu anayecheza sindimba. Nikafuta "Ndugu Mteja", nikasema hapa tuweke jina la mtu ajisikie. Halafu nikataka nijitumie mwenyewe nione inavyokaa, kusubiri siku 4 ni ujinga, nikaweka sifuri. Programu ikasevu yenyewe, kimya kimya, haikuniuliza hata swali moja. (Na msianze na "ungeongeza barua mpya mwishoni", kuna programu ukifanya hivyo hata waliokwisha kuimaliza kampeni wanafufuliwa.)

Mimi nasubiri imeili yangu ya majaribio. Naona namba ya zilizotumwa inapanda. Moja. Dakika mbili, nyingine. Zinaachiana nafasi ili zionekane zimeandikwa na binadamu. Nyie, nilifurahi! Nikajisemea leo mashine imeamka vizuri.

Ndo likaingia jibu la kwanza: "Nani kaniita hivi?"

Nikashuka chini taratibu kusoma nilichomwandikia. "Habari za asubuhi Mama Mkali Usipige Kabla ya Saa Nne, natumaini hujambo na shughuli zinaendelea vizuri."

Nikaangalia saa. Saa tatu kasoro.

Wallahi nilidhani tumedukuliwa. Kumbe badala ya jina nilichagua jina2, na ile sifuri imewafutia siku 4 wote waliokuwa wanasubiri. Nikarudi kwenye programu, nikaona foleni ya wanaofuata, na anayefuata ni Bosi Jina Tu Mwenye Sauti Mkewe. Imeili za ile loji anazifungua nani? Mkewe. Natafuta kitufe cha kusimamisha hakipo, kumbe kiko ukurasa mwingine, nafungua, intaneti inazunguka, inazunguka, nikirudi kuchungulia huyo mke ameshapewa yake. Nikakipata kitufe. Nikabonyeza. Programu ikaniuliza: "Una uhakika?" SASA HIVI NDO UNAULIZA? Nikabonyeza ndiyo mpaka jirani wa meza akanyanyua kichwa (hapo ndo alipopiga picha, mjue), na ikasimama, isipokuwa moja iliyokuwa imeshatoka mlangoni. Gmail ukituma kwa mkono inakupa mpaka sekunde 30 za kujutia, hizi za kampeni hazina hiyo huruma. Ikaenda kwa mtunza stoo wa hoteli moja, mtu mpole, kila nikienda ananikaribisha soda.

"Habari za asubuhi Kijana wa Stoo Nadhani Ndo Anaiba."

Hajajibu mpaka leo. Aliyeandika "nadhani" ni mimi, angalau niliweka nadhani.

Baada ya hapo ni mambo ya kawaida tu, bosi kaniita, mlango ukafungwa, nimeandika barua za radhi moja moja kwa mkono, jina2 nimeifuta, mmoja kanitajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na sikuwa na la kumjibu. Bosi presha yake ni watu kutubonyeza spamu, maana Google wakishaona malalamiko yanagusa asilimia 0.3 barua zako zinaanza kuishia jalalani. Mama Mkali nilimpigia saa nne na dakika moja. Hakupokea.

Mkewe Bosi Jina Tu kajibu neno moja, "Kweli," akaomba bei.

Na yule Mzee Bahili, ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kunijibu hata salamu, kaandika jana usiku: "Njoo Alhamisi na hiyo demo. Hela ipo. Punguzo uje nalo."

Alhamisi ni kesho. Bosi kasema niende peke yangu.