Kumi na Nane ya Shemeji

Ukimpa mhasibu pointi 100 na orodha ya ujuzi wa kila namna, usitarajie kulala mapema. Shemeji yangu alivuta kiti, akatoa kikokotoo, akauliza kama pointi zisizotumika zinahamia mwaka ujao. Nikamwambia hakuna mwaka, kuna mhusika tu, mtu wa kubuni anayemjenga kwa pointi hizo, kisha atamwigiza katika mchezo wetu wa mezani.

Jamani, mchezo wa kwanza wa aina hii, Dungeons & Dragons wa 1974, ulianza bila orodha ya ujuzi. Ulikuwa mpiganaji, mchawi au kasisi, basi. Hata toleo la 2014 lina ujuzi 18 tu. Lakini mimi ni mtu wa GURPS, mchezo wa 1986 wenye ujuzi wa mamia, na siwezi kuwalisha wageni uji wakati pilau ipo.

Shida ilianzia kwenye kasoro. GURPS hukuongezea pointi ukikubali mhusika wako awe na udhaifu. Shemeji aliposikia hivyo macho yakamtoka. Kufumba na kufumbua mtu wake alikuwa chongo, mlafi na mwoga, na bado anauliza, "Hakuna nyingine inayolipa?" Binamu yangu naye akatawanya pointi moja moja: kupiga filimbi, kuendesha mtumbwi, kushona viatu, unajimu. Upanga akausahau.

Shangazi alikuwa amepita kuchukua mwavuli wake. Akakaa "dakika mbili" kutuangalia. Nikamwandikia mhusika harakaharaka.

Hadithi ikaanza gerezani, mimi nikiwa msimulizi na mwigizaji wa watu wengine wote. Shemeji alikuwa na ujuzi wa kufungua kufuli wa kiwango cha 14. Nikamweleza: unarusha dadu tatu, ukipata 14 au chini yake umefaulu, yaani karibu mara 91 kwa 100. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akarusha. Sita, sita, sita.

"KUMI NA NANE!" Aliruka hadi kiti kikaanguka. Binamu akapiga vigelegele, wakakumbatiana.

"Shemeji," nikasema, "18 ndiyo mbaya kuliko zote. Hutokea mara 1 kati ya 216. Waya wako umevunjikia ndani ya kufuli na mlinzi amesikia."

"Sita tatu, halafu nimeshindwa?"

"Unatakiwa upate ndogo."

"Ujuzi uwe mkubwa, dadu iwe ndogo?" Akaokota kiti, akakiangalia, akakaa. "Huu mchezo haujakaguliwa."

Mlinzi akaja. Binamu akapendekeza kumpigia filimbi. Kabla sijajibu, Shangazi akamgeukia huyo mlinzi, yaani mimi.

"Wewe kijana, mama yako anajua unafanya kazi hii? Unafungia watu wenye njaa, mmoja chongo, halafu jioni unarudi nyumbani unasalimia watu?"

Nikajikuta nimeinamisha kichwa. "Shangazi, ni maneno mazuri, lakini inabidi urushe dadu tuone kama yamemwingia."

"Nirushe nini, mwanangu? Nimeshamwambia."

"Ndiyo, ila ujuzi wako wa kushawishi ni…"

"Wewe yamekuingia, hayajakuingia?"

Yalikuwa yameniingia. Lakini kanuni ni kanuni, nikamkabidhi dadu. Akazirusha kwa mkono wa kushoto huku anatafuta mwavuli chini ya meza. Moja, moja, mbili.

Kimya. Shemeji akavua miwani. "Pole sana, Shangazi," akasema taratibu. Binamu akamshika bega. "Nne tu! Basi, usijali, ndiyo kwanza unajifunza."

Nikapiga meza. "Nne ni ushindi mkubwa! Mlinzi analia! Amefungua mlango, amewapa na funguo zote!"

Shangazi akainuka na mwavuli wake, akaaga. Binamu akauliza kama funguo zinahitaji ujuzi. Shemeji tayari alikuwa amewasha kikokotoo: anataka arudishiwe pointi zake za kufungua kufuli, kwa kuwa mlango umefunguliwa na mtu mwingine.